Kusaka asteroidi na wanafunzi wa Nairobi: uzoefu wangu na kampeni za IASC

Miongoni mwa programu za elimu ya anga za juu ambazo nimezijaribu na klabu ya sayansi ninayoilea katika shule moja ya kutwa upande wa Eastlands, ile ninayoweza kumshauri mwalimu mwenzangu aanze nayo bila kusita ni kampeni ya kusaka asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka jua, inayoendeshwa na International Astronomical Search Collaboration, ambayo kwa kifupi huitwa IASC. Mpango huu ulianzishwa mwaka 2006 na Patrick Miller wa Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons huko Texas, Marekani, na shule za nchi nyingi hushiriki bila kulipa ada yoyote. Rahisi haukuwa. Naupendekeza kwa sababu humpa mwanafunzi kazi ambayo jibu lake halijaandikwa popote, hata katika kitabu cha mwalimu.

Ugumu wa kwanza kwa mwalimu wa hapa ni kupata mlango ulio wazi. Astro Pi, mradi mzuri ambao huwawezesha watoto kuandika programu zinazoendeshwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, umewekewa nchi zinazohusiana na shirika la anga la Ulaya, kwa hiyo mwanafunzi wa mitaa yetu kama Kayole au Umoja hana nafasi humo. Mashindano ya CanSat, ambapo timu huunda kielelezo cha setilaiti kinachoenea ndani ya kopo la soda, yanavutia mno, lakini vihisio, redio na parachuti hununuliwa, na bajeti ya klabu yetu ni ile inayobaki baada ya mipira na nauli za tamasha la muziki. Kampeni ya asteroidi inahitaji kompyuta, intaneti na uvumilivu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Darubini ya Pan-STARRS, iliyo juu ya mlima Haleakala katika kisiwa cha Maui, Hawaii, na yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.8, hupiga picha za anga usiku kucha. Timu zilizojisajili hupewa seti za picha nne za sehemu ileile ya anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa, pamoja na programu ya Astrometrica ya kuzichunguzia. Programu hiyo huzipanga picha ili nyota ziangukiane, kisha huzionyesha moja baada ya nyingine kwa haraka. Nyota hubaki palepale, ilhali asteroidi, ambayo iko karibu nasi zaidi na hulizunguka jua, mara nyingi katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, huonekana ikisogea hatua ndogondogo kuelekea upande mmoja. Nairobi iko mbele ya Hawaii kwa saa 13, na jambo hilo liliwafurahisha wanafunzi kuliko nilivyotarajia: walipokuwa kwenye gwaride la asubuhi, kule darubini ilikuwa imeanza zamu ya usiku wa jana yake.

Vikao vya mwanzo huwa na manung'uniko, kwa sababu picha hizi hazifanani hata kidogo na zile za rangi zinazosambazwa mitandaoni. Ni mraba wa kijivu uliojaa vitone, kama unga uliomwagikiwa pilipili manga. Halafu mmoja hupaza sauti, "Mwalimu, hiki hapa kinasonga!" na viti vyote husogezwa kwenye kompyuta moja. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza, kwa maana vingi vinavyosonga si asteroidi. Miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu zitokazo angani, hugonga kamera na kuacha alama, pikseli mbovu hujifanya nyota, na jicho lililochoka huunganisha vitone vitatu visivyohusiana. Mwanafunzi hulazimika kuuliza: je, kitu hiki kimo katika picha zote nne? Kinakwenda kwa mstari ulionyooka na kwa hatua zinazolingana? Mwangaza wake haubadilikibadiliki ovyo? Akikibofya, programu humchorea grafu ya jinsi mwanga wake ulivyosambaa. Kitu cha kweli huwa na kilima laini kinachopitiwa na nukta kwa utaratibu, na cha uongo huwa na mwiba mmoja au nukta zilizotawanyika.

Kila mwalimu wa fizikia nchini anajua jinsi wanafunzi wanavyopika matokeo katika mazoezi ya maabara. Mtoto anajua grafu inatakiwa ipite kwenye sufuri, basi anaipitisha, hata kama spring aliyopewa imelegea tangu enzi za mwalimu aliyetangulia. Sijapata dawa ya tabia hiyo iliyo bora kuliko kampeni hii, kwa kuwa hapa hakuna anayejua grafu inatakiwa iwe vipi, mimi nikiwa wa kwanza kutojua. Niliwaona wasichana wawili wa kidato cha tatu wakibishana kipindi kizima cha mchana kuhusu kitone kimoja hafifu, kila mmoja akidai ushahidi kwa mwenzake, na hatimaye wakakubaliana kukiacha nje ya ripoti. Uamuzi huo ulinifurahisha kuliko ambavyo ugunduzi ungenifurahisha.

Ripoti huandikwa kwa muundo maalumu wa Minor Planet Center, taasisi inayotunza kumbukumbu za vitu vidogo vya mfumo wa jua, na kila mstari huwa na alama F51, inayoitambulisha darubini iliyopiga picha. Asteroidi zinazojulikana tayari programu huziwekea jina, na kuzipima tena kuna faida kwa sababu vipimo vipya huboresha hesabu za njia zao. Zisizojulikana ndizo zinazowatia wanafunzi wazimu. Mzazi au mwalimu asiwadanganye watoto hapa: kitu kikikubaliwa kuwa ugunduzi wa awali, hupita miaka kadhaa ya kuangaliwa tena kabla hakijapewa namba ya kudumu, na ni baada ya namba hiyo tu ambapo mgunduzi anaweza kupendekeza jina lisilozidi herufi 16, ambalo nalo hupitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Klabu yetu haijapata ugunduzi wa awali. Vyeti vya kushiriki tumepata, na vimebandikwa nje ya maabara.

Kasoro zipo. Astrometrica imetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo simu na tableti hazifai kitu. Sura yake ni ya zamani, vitufe ni vidogo, na mwongozo wote ni wa Kiingereza kizito ambacho ilinibidi nikifafanue kwa Kiswahili ubaoni kabla hatujagusa kompyuta. Intaneti ya shule haitegemeki, hivyo mimi hupakua faili nyumbani usiku na kuzileta kwa flashi. Mwalimu asiye na vipindi huru atachoka, kwa sababu wanafunzi kadhaa wakizunguka kompyuta moja, wawili hufanya kazi na waliobaki hupiga soga.

Kwa hao waliobaki nimepata kazi nyingine, ambayo ni programu ya simu ya GLOBE Observer. Kundi moja hutoka uwanjani kupiga picha za mawingu na kukadiria sehemu ya anga iliyofunikwa, na iwapo setilaiti imepita juu wakati huohuo, NASA hutuma baruapepe inayolinganisha kilichoonwa kutoka chini na kilichoonwa kutoka juu. Ni kazi nyepesi, na kwa kidato cha kwanza inatosha. Imenipa pia nafasi ya kujibu swali ambalo huulizwa kila mara, la sisi wenyewe tuna nini huko juu. Huwaeleza kuhusu Uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksi (X-ray) iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, kuhusu setilaiti ndogo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, na kuhusu Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya mwaka 2023.

Mwalimu atakayetaka kuanza na awe na angalau kompyuta mbili za Windows, timu ndogo badala ya klabu nzima, na seti za mazoezi zilizopitiwa mapema. Kampeni moja huchukua takriban mwezi, kwa hiyo aepuke ile inayoangukia mitihani ya mwisho wa muhula, maana hapo hata naibu mwalimu mkuu mwenye moyo mwema hatampa ufunguo wa maabara.