Usiku wa utamaduni hotelini: uliza kanuni kabla ya kuuliza bei

Hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje, kisiwani Unguja, Zanzibar, hutenga jioni moja ya wiki wakaiita usiku wa utamaduni. Mgeni hulipa mara moja, akapata chakula cha kujipakulia, ngoma mbili tatu na pengine taarab. Siku hizi hawaendi watalii peke yao. Hata wenyeji huwapeleka huko wageni wao wa kutoka bara na jamaa waliokuja likizo kutoka Muscat. Huduma hii inaweza kuwa nzuri sana. Mara nyingi haiwi, na sababu zake zinajulikana.

Tuanze na neno, maana ndilo linalouzwa. Utamaduni asili yake ni Kiarabu, tamaddun, ndugu wa madina: mambo ya watu waliokaa mji. Culture ya Waingereza imetoka shambani, kwenye neno la Kilatini colere, yaani kulima na kutunza. Ndiyo maana wao huita hivyo hata chachu ya kugandishia mtindi. Kwetu maana hiyo ya shambani haimo katika utamaduni, imo katika kutunza. Na kutunza ndiko kunakoitenga taarab na maonyesho. Mtu akiguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kwa mwendo wa kucheza, akamtunza mwimbaji pesa mkononi, akarudi kukaa. Ukumbi mzima umeshajua ubeti ule umempata nani.

Hotelini meza hubanwa, jukwaa huinuliwa, na hakuna anayemwambia mgeni kwamba ana ruhusa ya kuinuka. Kikundi kikimaliza nyimbo zake zote, hajatoka mtu kutunza. Hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, na kuiondoa hakugharimu kitu: njia moja iliyo wazi kati ya meza mpaka kwa mwimbaji, na mshereheshaji wa kulieleza jambo kabla ya wimbo wa kwanza.

Kikundi kamili cha taarab asilia kina kanuni (chombo bapa cha nyuzi nyingi), udi (aina ya gambusi), nai (filimbi ya tete), fidla, akodiani, besi la kusimama, dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) na rika (tari lenye njuga), pamoja na waitikiaji. Hoteli yenye bajeti ndogo huyakata yote hayo ikabakisha kinanda cha umeme na mwimbaji mmoja. Kinanda cha kawaida hakina sauti za robo zinazohitajika na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kwa hiyo wimbo wa zamani hutoka umenyooka pale ulipotakiwa kupinda. Kama pesa hazitoshi, bora waitwe watu wa kidumbak: ngoma mbili ndogo za udongo, fidla, mkwasa (vijiti vya kugonganishwa), cherewa (njuga za vifuu vya nazi), na sanduku lililopinduliwa likafungwa uzi na kijiti cha kuuvutia. Hawazidi wachache, hawahitaji umeme, na hicho si kipande cha muziki uliopunguzwa. Ni muziki kamili wa harusini.

Kanuni ikiwepo, angalia imewekwa wapi. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na upande wa kulia daraja la nyuzi limekalia ngozi, mara nyingi ya samaki. Ngozi hiyo ikinywa unyevu wa pwani hulegea, daraja likashuka, na nyuzi zote zikashuka nalo. Chombo kilichotolewa chumba chenye kiyoyozi kikapelekwa ufukweni moja kwa moja kitapotea sauti kabla wimbo wa pili haujesha. Kinataka paa, kisiwe kwenye mkondo wa upepo, na mpigaji apewe nafasi ya kukaza nyuzi palepale atakapopigia. Ukimwona anakaza baina ya nyimbo, usimhesabie kuwa hajui kazi. Huyo ndiye anayejua.

Msewe wa Pemba nao huharibiwa na mchanga. Jina la ngoma ni la njuga za majani wanazofunga wanaume miguuni, na mlio wake hutegemea mguu kugonga ardhi. Kwenye mchanga mwororo mguu huzama, msewe ukanyamaza, yakabaki magoma ya spika. Sakafu ngumu au ardhi iliyoshindiliwa inatosha.

Jambo moja hatulisamehe: unyago kuchezwa mbele ya meza za chakula. Unyago ni mafunzo ya wari, wasichana waliovunja ungo, mambo ya wanawake kwa wanawake, na somo, yaani mwanamke anayewafunza, ndiye mwenye mlango. Kuna tofauti ya mila na burudani, na anayeuza usiku kwa jina la utamaduni anapaswa kuijua kabla ya mgeni.

Chakula huwa salama zaidi. Pilau na pweza wa nazi mara chache huchosha. Urojo ndio unaoonyesha mpishi ni wa wapi: uchachu wake utoke kwenye embe mbichi na ndimu, si siki, na bajia na kachori zitiwe bakulini wakati wa kula. Zilizolowekwa mapema huwa ujiuji. Boko-boko iwe imevurugwa mpaka nyama na ngano havitengeki, samli na vitunguu vya kukaanga juu yake. Haluwa na kahawa chungu vije mwisho, si pamoja na wali.

Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: vyombo gani vitapigwa, na nani, na kama watu wanaruhusiwa kutunza. Jibu likiwa "ngoma za asili" bila jina la hata ngoma moja, hifadhi pesa zako uende mjini, kwa vyama vya taarab vyenyewe. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na Culture Musical Club, ambayo kwa Kiswahili ni Mila na Utamaduni, ina mizizi ya 1958. Waulize siku zao za kupiga.

Na popote utakapokwenda, noti ndogondogo ziwe tayari mkononi kabla ya kuinuka. Pochi haifunguliwi mbele ya mwimbaji.