Uzoefu wangu: washauri wa mazingira kwa kiwanja cha ufukweni Kigamboni, Dar es Salaam

Niliwapa kazi ya kuainisha hatari za ardhi na maji kwenye kiwanja cha nyumba ya wageni yenye kisima chake, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira. Upande wa maji nawapa alama karibu zote. Mpango wa usimamizi wa mazingira nimeurudisha.

Walianza na mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, nao wakapima kuanzia yanapofika maji ya bamvua, yaani maji makuu yanayojaa kuliko siku za kawaida. Ufukwe ukiwa tambarare, ukianzia kipimo kwenye maji ya siku ya kawaida unaweza kujikuta jengo la mbele lote limo eneo la katazo.

Kisima ndicho kilichonifanya niwathamini. Kwenye mchanga wa pwani maji baridi huelea juu ya maji chumvi, na makadirio ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Yakiwa juu kwa nusu mita, basi una kama mita 20 tu. Ukichimba mita 60 umeingia kwenye chumvi, na mchimbaji anayelipwa kwa mita hana sababu ya kukuzuia! Walipima ukinzani wa umeme ardhini (jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita), kisha wakalinganisha na maji ya visima vya majirani. Ulinganisho huo ni wa lazima, kwa sababu udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri na kwenye grafu hufanana na maji chumvi.

Jaribio la pampu lilikwenda saa 24 mfululizo, chumvi ikipimwa muda wote. Kipimo cha mara moja mwanzoni hakitoshi: pampu ikivuta kwa nguvu, maji chumvi hupanda taratibu kutoka chini, na kisima kilichoanza vizuri huharibika. Ushauri wao ni pampu ndogo, ivute polepole kwa saa nyingi kujaza tanki. Kibali cha kutumia maji huombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Shimo la kunyonya maji taka waliliweka zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, upande ambao maji ya ardhini yanaelekea yakishapita kisima. Kina cha maji walikipima masika, yanapopanda. Ukipima kiangazi shimo laonekana salama, halafu mvua zikija linafurika.

Sasa kasoro. Mpango wa usimamizi umejaa "mwekezaji atahakikisha", bila jina la cheo, tarehe wala fedha. Mkaguzi hawezi kukagua sentensi kama hiyo. Sampuli za bakteria nazo hazikuandikiwa saa ya kuchukuliwa wala ya kufika maabara, ilhali zinapaswa kukaa kwenye barafu na kupimwa ndani ya saa 24.

Ukiwaajiri washauri wa aina hii, hakikisha wamesajiliwa kisheria, dai takwimu ghafi za pampu na ukinzani ziwe mali yako, na malipo ya mwisho yasitoke kabla mpango haujawekewa bajeti.