Safari ya boti kwenda Mnemba: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Wageni wengi kutoka Nairobi na Kampala wakitua Zanzibar hununua safari ya Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki ya Unguja, siku ya kwanza, palepale ufukweni, kwa papasi (dalali wa ufukweni) mwenye picha nzuri kwenye simu. Picha ni za kweli: fungu jeupe la mchanga katikati ya bahari, samaki wa kila rangi, pomboo. Linaloharibu siku ni lile neno "kesho saa tatu". Bahari ya upande ule haiendi kwa saa ya ukutani, inakwenda kwa mwezi. Siku ya maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), kutoka ufukwe wa Matemwe, safari hii ni ya nyota 4. Siku ya bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) kwa saa isiyofaa, 2 zinatosha.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Wiki moja mbele ni maji mafu. Hapo mambo hugeuka, saa nne maji yamejaa na kupwa kwake ni kudogo. Katikati ya hapo, kila siku maji huchelewa takriban dakika 50. Mvuvi yeyote wa Matemwe atakwambia haya bila kutazama simu.

Matemwe ni karibu, boti ya mashine haimalizi nusu saa. Ila siku ya bamvua, saa tatu hiyo boti imelala mchangani na maji yamekimbilia mwambani. Mtaambiwa mtembee, na kandambili hazifai: kuna mawe makali na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, ambayo hukatikia ndani ya unyayo. Viatu vya mpira vya kufunika mguu ni lazima. Bora zaidi, boti itoke saa moja asubuhi na irudi baada ya saa nane, maji yakiwa yamepanda.

Fukwe za kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali, unaondoka saa yoyote. Gharama yake ni urefu wa njia, na Agosti, shule za Kenya zikifungwa, ni msimu wa kusi, upepo wa kusini: mkishazunguka rasi ya Nungwi upepo na mawimbi vinakuja usoni. Watu hulowa, watoto hutapika. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda boti. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Kuona samaki na kukanyaga fungu ni vitu viwili, na mara nyingi haviji siku moja. Fungu hujitokeza vizuri bamvua likipwa, lakini siku hizo mkondo ni mkali na asiyejua kuogelea vizuri asiachie kamba ya boti. Maji mafu yana utulivu, fungu ndilo huenda lisionekane. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli; hakuna kushuka, hata papasi akiapa.

Miwani ijaribu ukiwa bado nchi kavu: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikidondoka, inavuja, omba nyingine (sharubu nazo huvujisha). Vaa fulana majini, mgongo ndio unaoungua. Hesabu majaketi okozi kabla injini haijawaka. Na pomboo wakikimbizwa na boti kumi hupiga mbizi na kupotea. Nahodha anayezima mashine na kungoja ndiye mtakayewaona naye.

Amana isitoke kabla haya hayajaandikwa kwenye ujumbe wa simu: ufukwe wa kuondokea, saa ya kwenda na kurudi, idadi ya abiria, kama ada ya hifadhi na chakula vimo ndani ya bei, na upepo ukizuia safari, fedha zinarudi au siku inahamishwa.