Huduma ya uzazi wa mpango: kuweka kijiti fasta, kukitoa ndo shughuli

Hii ni kuhusu kituo cha afya cha serikali huku mtaani kwetu, jina naliacha. Nianze na sifa maana wanastahili. Huduma ni bure kabisa, nilifika saa mbili asubuhi tukapewa somo wamama kama kumi hivi, nesi akatuonyesha kila kitu, vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu, kitanzi, vijiti, mi nikachagua kijiti cha miaka mitatu, nikachomwa ganzi mkono wa kushoto na dakika kumi hazikuisha nishafungwa bandeji niko kwenye daladala narudi zangu. Hapo nawapa tano kwa tano.

Kasheshe ni kutoa. Mwezi wa nne damu ikawa haikatiki, inapumzika siku tatu inarudi (kwenye somo walishatuambia hedhi inaweza kuvurugika, kwahiyo mwanzoni sikushtuka), nikapewa vidonge wapi, nikaona bora wanitoe. Nesi mwingine akaniuliza, "Mama una watoto wangapi?" Watatu. "Sasa unatoa ili iweje? Kavumilie, mwili utazoea." Mara ya pili mtoaji yuko semina. Mara ya tatu eti nije na mume, jamani, siku ya kuweka nani aliniuliza mume? Mara ya nne nikamkuta yule dada wa mwanzo, akanisikiliza, akakitoa palepale.

Kupanga uzazi ni kitu kimoja na kupangiwa ni kingine kabisa. India mwaka 1976 wakati wa hali ya hatari, watu zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi ndani ya mwaka mmoja, hadi walimu walipewa idadi ya watu wa kupeleka, asiyefikisha mshahara unazuiwa. China walibana mtoto mmoja toka 1980, leo wanaruhusu watatu na watu hawazai. Na hapa kwetu 2018 Rais Magufuli akaja na upande wa pili, kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wa kulisha watoto. Huyu usizae, yule zaa, na mwenye tumbo hajaulizwa.

Sipingi kwamba tumekuwa wengi, sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61 na ushee, na darasa la mwanangu wanakaa chini. Ila kumzungusha mtu anayetaka kutoa hakupunguzi hata mtoto mmoja! Jirani yangu alikuwa ameshajipanga kwenda, aliposikia safari zangu nne akaghairi, saa hizi ana mimba ya tano ambayo mwenyewe anasema hakuitaka.

Kwahiyo kwa ujumla nawapa tatu. Waandike mlangoni siku za kutoa kama walivyoandika siku za kuweka, na wawepo wawili wanaojua kutoa, siyo mmoja.

Mi nimerudi kwa yule dada nikawekewa kitanzi, na kabla sijapanda kitandani nilimuuliza kwanza, nikitaka kitoke nije siku gani na atanitoa nani.