Barua 42 za Bob Dylan kabla hajawa Bob Dylan: mzigo ulistahili bei ile?

Nyota 4 kati ya 5.

Mnaofuatilia vitu vya wanamuziki mtakuwa mnaukumbuka ule mnada wa RR Auction, Boston, Novemba 2022. Barua 42, kurasa kama 150 hivi, zote kaandika kwa mkono dogo mmoja wa Hibbing, Minnesota, anaitwa Bob Zimmerman, ndo huyo mwanamuziki wa Marekani aliyekuja kujiita Bob Dylan, anamwandikia demu wake wa sekondari kati ya 1957 na 1959. Zikaenda kwa dola 669,875. Watu wakaanza oh wazungu wana hela za kuchezea, mi nasema bei ni halali kabisa.

Sisi tuliokaa bweni tunazijua barua za hivi, karatasi ya katikati ya daftari, pafyumu kidogo, mwishoni dedikesheni ya wimbo. Sasa huyu naye anabembeleza, anachomeka vimistari vya shairi, anamwalika mtoto wa watu waende shoo ya Buddy Holly, staa wa rock 'n' roll enzi hizo, mara kahamia kwenye magari na nguo, halafu hapohapo kwenye mahaba analeta stori za kubadilisha jina na kuuza rekodi milioni moja. Milioni, bwana! Hibbing ni mji wa machimbo ya chuma na mzee wake anauza fanicha na vyombo vya umeme, we ungemwamini? Jina kaja kulibadilisha kisheria 1962, rekodi zimeshavuka milioni 100, na Nobel ya 2016 juu. Yani unasoma ahadi za mtu ambaye mwisho wake unaujua we, yeye bado hajui kitu, na hiyo ndo raha yenyewe.

Mnada huohuo mashairi yake ya enzi za chuo yaligusa karibu dola 250,000, na mi naona ni sawa barua ziyapite mbali, maana shairi unaliandika ukiwaza wasomaji, barua ilikuwa na msomaji mmoja tu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu majibu ya binti hayamo, tunamsikia Bob peke yake. Na binti mwenyewe hakuziuza, alizitunza mpaka anafariki 2020 ndo mwanae akazikuta. Hapo roho inasita kidogo, za kwangu zikikutwa naomba zichomwe tu.

Mnunuzi nampa tano zake zote. Ni Livraria Lello ya Porto, Ureno, lile duka la vitabu la 1906 lenye ngazi nyekundu, na walisema zitabaki pamoja ili mashabiki na watafiti wazifikie. Angezipata mlanguzi angeziuza mojamoja, leo moja iko Texas nyingine Tokyo. Ukipita Porto, kiingilio cha duka unarudishiwa kwenye bei ya kitabu ukinunua, ila barua uliza kabla hujasafiri kama wamezitoa zionekane.