Mkabala wa mchakato na mkabala wa tanzu: upi uanze darasani?

Katika kufundisha uandishi, mkabala wa mchakato, uliovumishwa Marekani na mtafiti Donald Graves, humwacha mwanafunzi achague mada, aandike rasimu, apate maoni ya wenzake, kisha arekebishe. Uzuri wake ni uhuru: mtoto haiogopi karatasi.

Mkabala wa tanzu, yaani aina za matini kama masimulizi au maelezo, ulikua Australia miaka ya 1980 kwa kazi ya wanaisimu J. R. Martin, Joan Rothery na wenzao, walioona kwamba watoto walioachiwa uhuru huo waliishia zaidi kwenye masimulizi mafupi. Hapa kusoma hutangulia. Darasa huchambua matini ya mfano, tuseme maelezo ya jinsi mvua inavyotokea: yanaanzaje, vitenzi viko katika wakati gani, viunganishi gani vinabeba sababu na matokeo. Kisha mwalimu na wanafunzi hutunga matini nyingine pamoja ubaoni, ndipo kila mmoja aandike yake. Mwalimu aliyebanwa na muda huiruka hatua hiyo ya ubaoni, na bila hiyo mfano hugeuka kitu cha kunakili tu.

Kwa mwanafunzi asiye na vitabu nyumbani, ningeanza na tanzu. Mchakato unamfaa zaidi aliyekwisha kusoma sana, maana miundo anayo tayari kichwani. Rasimu na maoni ya wenzake, hata hivyo, ningeyaazima bila kusita.