Ziara ya siku moja Van na Akdamar: nyota moja (nimeshaibadilisha mara tatu, soma mpaka mwisho)

Nianze na zuri lake, nisije nikaambiwa nina roho mbaya: chai ya asubuhi. Van ni mji, si gari. Uko mashariki kabisa mwa Uturuki, kando ya ziwa, na wenyewe wanajivunia chai yao ya asubuhi kama sisi Unguja tunavyojivunia urojo. Jibini lenye majani ya mlimani, asali, malai, mayai, mkate unaotoka moshi, na chai isiyokwisha. Tulikula mimi na mke wangu mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Ziara ingeishia pale, ningetoa nyota tano nikaenda kulala.

Haikuishia pale.

Tarehe siikumbuki, ila ilikuwa Aprili, maana kisiwa cha Akdamar kilikuwa cheupe kwa maua ya milozi. Kibasi kilikuwa na watu kumi na nne, karibu wote Waturuki. Mie nasoma Ankara, huu mwaka wa tatu, Kituruki nakisikia vizuri, kwa hiyo asije mtu akaniambia sikuelewa. Nilielewa kila neno. Tabu yangu ni neno moja ambalo halikusemwa.

Kanisa la pale kisiwani ni kitu cha ajabu. Lilijengwa kati ya 915 na 921, Mfalme Gagik wa Vaspurakan, ufalme wa kale wa huku, ndiye aliyempa kazi fundi aitwaye Manuel, na kuta zake za nje zimechongwa toka chini mpaka juu. Mimi Muislamu, sikwenda kusali, lakini nilisimama muda mrefu mbele ya Nabii Yunus akitupwa baharini. Nyangumi wake ana kichwa kama cha mbwa, nikacheka peke yangu. Daud yupo, Jaluti yupo. Ng'ambo ya kanisa kuna makaburi yenye mawe yaliyochongwa misalaba, kazi nyembamba utadhani kofia ya viua.

Sasa mtembeza wageni wetu. Kijana mchangamfu, kipaza sauti mkononi, hadithi moja baada ya nyingine. Alitumia karibu nusu saa kwenye kisa cha Tamara, yule binti wa padri aliyekuwa akiwasha taa usiku ili mpenzi wake aogelee kuufuata mwanga, mpaka babake alipogundua na kijana akazama akiita "Ah, Tamar". Kinamama wakashika vifua. Sawa. Lakini padri wa watu gani? Hakusema. Kanisa lilijengwa na "mfalme wa hapa". Makaburi ni "mawe ya zamani". Ndipo nikaanza kuhesabu. Kutoka chai ya asubuhi mpaka tunarudi bandarini, neno "Waarmenia" halikumtoka hata kwa bahati mbaya. Unahitaji mazoezi kulikwepa namna ile, kwenye kanisa la Kiarmenia, katikati ya makaburi ya Kiarmenia, Wakristo walioishi huku karne nyingi.

Nilinyamaza. Mke wangu alinikanya kwenye boti: "Umekuja kutembea, hukuja kugombana." Nikamwambia sawa.

Mchana tukapanda Ngome ya Van. Huko kijana aling'ara! Dola ya Urartu, miaka 2,800 iliyopita, wafalme wao anawataja kwa majina kama wajomba zake. Maandishi ya Xerxes, mfalme wa Uajemi, yaliyochongwa jabalini kwa lugha tatu, anayajua nani kayaandika na kwa nini. Halafu tukafika ukingoni upande wa kusini, ukitazama chini unaona uwanja mpana wa nyasi, umejaa vichuguu. Misikiti michache ya kale imesimama, mnara mmoja umekatika. Hakuna kingine. Mama mmoja wa Kituruki akauliza pale chini ni nini.

"Mji wa kale. Uliharibika vitani."

Uliharibika! Kama maziwa yaliyoachwa juani. Nikanyanyua mkono, nikauliza kwa adabu kabisa: hocam, yaani mwalimu, na watu wake walikwenda wapi?

"Gittiler," akasema. Walikwenda. Waliondoka.

Hilo ndilo lililoniudhi na ndilo linaloniudhi mpaka leo. Waliondoka! Kwa Kiswahili ungebadilisha mwisho wa neno tu: waliondoshwa. Walikimbia, walikimbizwa. Walihama, walihamishwa. Wala usiseme Kituruki hakina; kinacho, gönderildiler, walipelekwa. Mtu anayejua mfalme gani alichimba shimo gani miaka 2,800 iliyopita anashindwa kutia viambishi viwili kwa jambo la zama za babu wa babu yake?

Nikauliza swali la pili, na hapa ndipo nilipomkera. Kilichonipeleka Van, msicheke, ni bokoboko. Huku kuna keşkek, ngano na nyama inayopigwa mpaka ivutike, chakula cha harusi. Nilipoila mara ya kwanza Ankara nilikaribia kulia, ni bokoboko la bibi yangu mtupu. Waarmenia wanaiita harisa, jina lilelile la Waarabu. Katika kuisomasoma nikakutana na Khrimian, askofu aliyezaliwa hapo hapo Van mwaka 1820. Mwaka 1878 aliongoza ujumbe wa Waarmenia kwenda Berlin, kwenye mkutano wa dola kubwa za Ulaya, kuziomba ziwatazame watu wake. Aliporudi akawahadithia waumini: mezani kulikuwa na sufuria kubwa la harisa. Wabulgaria, Waserbia, watu wa Montenegro, kila mmoja alikuja na upawa wa chuma, yaani silaha, akachota akaenda zake. Sisi Waarmenia tulikuja na upawa wa karatasi, maombi yetu yaliyoandikwa. Tulipoutia sufuriani ukalowana, ukabaki humo humo.

Karatasi waliyorudishiwa ilikuwa na ahadi ya mageuzi. Kati ya 1894 na 1896, chini ya Sultani Abdülhamid II wa dola ya Uthmania, Uturuki ya zama zile, waliuawa Waarmenia wanaohesabiwa kwa malaki. Van pia.

Basi nikamuuliza: huyu Khrimian si mzaliwa wa hapa? Nyumba yao ilikuwa upande gani?

Akashusha kipaza sauti, akakipandisha tena ili wote wasikie: "Abi (kaka), kwetu tunasema mgeni hali anachokitamani, anakula anachokikuta." Kibasi kizima kikacheka. Nikamwambia na kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nina miaka mitatu nchini kwenu, nipe jembe langu nichimbe pale chini tuone kuna nini. Hakuna aliyecheka. Mke wangu alinifinya mpaka leo alama ninayo.

Nyota moja, nikaiandika pale pale kwenye simu.

Halafu ikawa hivi. Tulipoteremka wengine wakaenda kununua sanamu za paka wa Van, wale wenye macho ya rangi mbili. Kijana akanifuata mimi mpaka kwenye ukuta, bila kipaza sauti. Akasema, abi, kwenye gari kuna watu kumi na nne, wewe unamjua nani ni nani? Wawili walikuwa wananirekodi. Halafu akanyoosha kidole kwenye nyasi: pale palikuwa na barabara, pale soko. Hakutaja la nani. Akavuta sigara yake ikaisha, akaniuliza kama chai ya asubuhi ilikuwa nzuri.

Nikaona haya kidogo. Mie natoa nyota nikirudi nyumbani. Yeye kesho yuko pale pale na kundi jingine. Hrant Dink, mwandishi Muarmenia wa Istanbul, alishtakiwa na kuhukumiwa kwa kosa la kuutukana Uturuki, na Januari 2007 akapigwa risasi nje ya ofisi ya gazeti lake. Kijana wa kibasi ana nini cha kumkinga? Nikapandisha hadi nyota tatu.

Usiku hotelini nikazidi kusoma na nikakuta jambo baya zaidi kwangu: kwa Van, kijana hakusema uongo mtupu. Aprili 1915 gavana Cevdet, shemeji wa Enver Pasha waziri wa vita, aliwazingira Waarmenia wa mji, wakajifungia kwenye mitaa yao wakapigana kama mwezi mmoja mpaka Warusi, maadui wa dola ya Uthmania kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, walipofika. Ilipofika mwisho wa Julai Warusi wakarudi nyuma, na Waarmenia wa Van wakawafuata kwa miguu kuelekea Yerevan, maelfu wakafia njiani. Kwa hiyo ndiyo, "walikwenda". Na Waislamu wa Van nao walikufa na kukimbia Warusi walipoingia, hilo pia ni kweli na silifichi. Lakini nani anayeacha nyumba, mti wa tunda na kaburi la mama yake kwa mapenzi? Na kwingine hata kisingizio hicho hakipo. Aprili 24 Talat Pasha, waziri wa mambo ya ndani, aliamuru kukamatwa kwa wasomi wa Kiarmenia Istanbul. Mei 27 ikatoka sheria ya kuwahamisha watu. Wanawake na watoto wakaswagwa kwa miguu kuelekea Deir ez-Zor, jangwani Syria, wanaume wao wakiwa wameshauawa. Wanahistoria wanataja waliokufa kati ya 600,000 na 1,500,000. Serikali ya Uturuki inakubali kwamba watu walikufa, inachokataa ni kuyaita mauaji ya kimbari. Gavana wa Aleppo wakati ule, Celal Bey, afisa wa dola ileile, alikataa kutekeleza amri na akahamishwa. Yeye alijua tofauti ya kwenda na kupelekwa.

Mke wangu akaniuliza, akiwa ameshafumba macho: "Na kwetu je?" Nikajua anasema nini. Mtaani kwetu Mji Mkongwe kuna nyumba yenye mlango wa nakshi ambayo tangu utotoni nikiuliza wenyewe wako wapi naambiwa "waliondoka, baada ya sitini na nne". Sikuwahi kuuliza swali la pili.

Kwa hiyo nikapandisha nne. Kweli, nne. Nikaiandikia kampuni barua ya heshima, simlaumu kijana, sitaki nirudishiwe hela, nimesifia chai ya asubuhi kwa mistari mitatu. Nimeomba kitu kimoja: kwenye karatasi yao ya ziara, pale palipoandikwa "kanisa la kihistoria", waongeze neno moja, la Kiarmenia. Serikali yenyewe ililikarabati lile kanisa, na mwaka 2010 ikaanza kuruhusu ibada ya Kiarmenia ifanyike pale. Si siri ya dola.

Jibu limekuja baada ya wiki kadhaa. Wananishukuru kwa maoni yangu, na wanasikitika sana kwamba chai ya asubuhi haikuniridhisha.

Nyota moja.